Nilichagua Mbio za Mei

Kaka Taisto,

Kwanza nakujulia hali, wewe, wifi Sherri na watoto. Natumaini mko wazima na kwamba joto la Arizona halijaanza kuwachoma. Huku kwetu barafu imeisha ziwani, mbu wameingia kazini, na Baba yuko jikoni nyuma yangu anakunywa kahawa kwenye kisahani. Vidole vyake vya miguu vimerudia rangi yake, isipokuwa kile kidogo cha kushoto, ambacho daktari anasema nacho kitapona. Mimi ni mzima. Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira, na nitakuandikia nikiwa nayo hivyohivyo, kwa sababu nikingoja ipoe nitaishia kukuandikia habari za mbu.

Uliponipigia simu Jumatatu ulisema mengi, nami nikakata. Uliniuliza ni mwanamke wa aina gani anayemwacha baba yake, mzee asiyejua leo ni siku gani, mikononi mwa bibi mwenye nyonga mbovu, akaenda kukimbia na namba kifuani. Ni swali la haki. Nalijibu kwa maandishi ili usinikatize, maana tangu tukiwa wadogo sijawahi kumaliza sentensi mbele yako.

Tuanzie Krismasi, mlipokuja. Nilisema mezani, tena kwa sauti ndogo, kwamba mwaka huu nataka kukimbia marathoni, na kwamba nimeshaamua: ile ya Mei, ya pale mji wa jirani, inayofuata barabara ya ziwani. Uliweka uma chini. Ukamwangalia Sherri, ukacheka, na meza nzima ikacheka kwa sababu wewe umecheka. Ukasema, "Lahja, dada yangu, ya Mei maana yake mazoezi Januari. Unataka tukuokote kwenye mtaro kama paa aliyegongwa? Mtu wa mara ya kwanza huchagua ya vuli. Unajifua kiangazi, barabara kavu, Oktoba unakimbia kwenye majani mekundu, unapigwa picha." Ukazungusha ile saa yako kubwa mkononi ukaanza kunionyesha kilometa zako. Sherri akaongeza kwamba hata yeye, ambaye hakimbii, anajua hilo.

Ushauri wako ulikuwa sahihi, Taisto. Vitabu vyote vinasema hivyo. Carla Bertucci, anayeongoza kikundi chetu cha wakimbiaji, aliniambia vilevile, ila yeye aliniuliza kwa nini nataka Mei. Wewe hukuuliza. Ungeuliza ningekueleza kwamba kiangazi si changu. Kuanzia Juni nyumba za wageni zinajaa, nafua mashuka, nazibua vyoo, nawaonyesha watu wa mjini jinsi ya kuwasha sauna, kile chumba cha kuoga mvuke, bila kuchoma msitu. Na kiangazi ndicho wakati Baba anapotembea. Mlango unakaa wazi, jua linachelewa kutua, naye anatoka akatafute mashua tuliyoiuza zamani. Siwezi kwenda dukani kununua maziwa, sembuse kukimbia muda wa saa tatu.

Wakati wa baridi ndio wangu. Theluji ikishafika madirishani wageni hakuna, na Baba anakaa karibu na jiko anasinzia. Bi Delphine Cadotte anavuka barabara mchana na karata zake, wanacheza, anamwibia, wanagombana, wanafurahi. Hapo napata saa zangu. Watu wenye kiangazi chao wenyewe ndio waliochagua Oktoba. Mimi nilichagua Mei kwa sababu Januari ndiyo pekee niliyoachiwa.

Nikafanya mazoezi. Nilivaa viatu vyenye meno ya chuma, suruali mbili, na kitambaa usoni kilichoganda mpaka kikawa kama ubao. Kope zilishikana, ikabidi nizitenganishe kwa vidole. Chupa ya maji niliificha ndani ya koti, kwenye ngozi, la sivyo nabeba jiwe. Barabara iliyokuwa imesafishwa vizuri ilikuwa moja tu, kutoka kanisani mpaka machimbo ya kokoto, kuta za theluji pande zote mbili, nami nikaenda na kurudi, nikaenda na kurudi, kama mtu aliyesahau kitu kila upande. Kurt wa greda la theluji alikuwa akishusha kioo ananiuliza, "Lahja, leo tena gari limekufa?" Siku ya dhoruba akaniambia, "Ukifukiwa humo sitahangaika, nitakuchimbua Aprili." Dukani wakaniuliza ninamkimbia nani. Nilikuwa nacheka nao. Kucheka kwao hakuniumi, kwa sababu Kurt alikuwa anageuza greda arudie kusafisha kile kipande changu mara ya pili bila kuambiwa na mtu.

Siku niliyomaliza maili ishirini nilikupigia simu. Unakumbuka? Uligeuza maili hizo kuwa kilometa kwanza. Halafu ukasema vizuri, nitakuja mwenyewe kukaa na Mzee wikiendi hiyo, wewe kimbia usiwe na wasiwasi. Taisto, nilikaa kwenye benchi la sauna nikalia. Sikulia kwa sababu ya mbio. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Mama afariki ulisema utakuja kufanya jambo, wala si kuja kutazama.

Ukanunua tiketi. Ukanitumia picha ya tiketi. Nikatandika kitanda chako, nikaoka mkate wa iliki, nikamwambia Baba kila asubuhi kwamba Taisto anakuja, na yeye kila asubuhi akafurahi upya. Alhamisi ukapiga simu. Kazi imekubana, bosi amekushikilia, umesikitika sana, nisamehe, si kuna mbio nyingine Oktoba?

Nilitaka kujitoa. Bi Delphine ndiye aliyekataa. Alisimama mlangoni na fimbo yake akasema, "Wewe mwanamke, nimekutazama dirishani msimu mzima ukipita kama mwehu. Usipokwenda huko Jumapili nitakwenda na nyonga yangu hii nikimbie mimi." Nikamwambia kwamba Baba anapenda kutoka. Akasema, "Na mimi napenda kufunga milango." Basi nikaenda.

Asubuhi ilikuwa na mvua ya baridi na ukungu, theluji chafu bado imelala chini ya misonobari. Nilikimbia vizuri. Niache nijisifu kidogo, maana wewe hukuuliza hata kwenye simu: nilikimbia vizuri sana. Miguu ilikuwa inajua kazi. Wale waliojifua ndani, kwenye mashine, upepo wa ziwani ulipowapiga walijikunyata, mimi nikawapita. Niliyoyapata Februari yalikuwa mabaya kuliko yale.

Yaliyotokea nyumbani unayajua nusu. Bi Delphine alifunga mlango wa mbele na wa nyuma. Baba akapitia saunani, kwenye kile kidirisha cha kuni, mzee wa miaka themanini, akiwa amevaa ndara na sweta ya kijani aliyoifuma Mama. Bi Delphine alipogundua alipiga simu polisi, akapiga kwa Kurt, akapiga kwa kila mtu mwenye gari, halafu akatoka mwenyewe na fimbo yake akianguka anainuka. Unamwita bibi mwenye nyonga mbovu. Alianguka mara ngapi sijui, lakini magoti yake nimeyaona.

Kurt ndiye aliyemkuta, chini ya kile kilima cha zamani ulikokuwa ukiteleza kwenye theluji na mbao za skii, amelowa mpaka magotini, amekaa kwenye gogo anatazama juu. Kurt alimuuliza anafanya nini pale. Baba akamwambia anyamaze, kijana wake yuko karibu kushuka. Alikuwa amekuja kukutazama wewe ukishindana, Taisto. Kila asubuhi wiki nzima nilikuwa nimemwambia unakuja. Ukachelewa, akaenda kukutafuta mahali alipozoea kukupata. Hospitali nilipofika akaniuliza jambo moja tu: Taisto ametokea wa ngapi.

Sasa nikuambie na lile usilojua kwamba ninalijua. Jumanne mke wa Wes, binamu yetu, alinionyesha simu yake. Alidhani nitafurahi. Ulikuwa wewe, California, ufukweni, jua limekupiga usoni, medali shingoni, Sherri amekushika kiuno, na chini umeandika kwamba hii ni ya kumi na moja na ndiyo tamu kuliko zote. Tarehe ni ileile ya Jumapili yetu. Hapakuwa na bosi. Mtu, umeandika mwenyewe, alijitoa kwenye mbio unazozitamani miaka mingi, ukapewa nafasi yake, ukaipima nafasi hiyo na mimi, nami nikaonekana mwepesi. Halafu Jumatatu ukanipigia kunifokea, na medali yako nadhani bado imening'inia kwenye kitasa cha hoteli.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Barua ingekuwa nzuri: wewe mwongo, mimi mwema, Baba yu hai. Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, na Carla ninayemtegemea naye amelinyamazia.

Uliponiuliza nilijua saa ngapi kwamba Baba ametoka, nilikujibu nilijua nilipomaliza. Si kweli. Nilikuwa maili ya kumi na saba. Carla alikuwa kwenye meza ya maji, na badala ya kikombe akanishika mkono. Akaniambia Delphine amepiga simu, Mzee ametoka, polisi wako njiani, Kurt na wengine wanamtafuta. Akasema, "Gari langu lile pale, injini inaunguruma. Twende."

Nilisimama. Nakumbuka mvua ikinidondokea kutoka puani. Niliwafikiria wote waliokuwa wameshatoka kumtafuta, nikajiambia mmoja zaidi hataongeza kitu, na mpaka nifike watakuwa wamempata au watakuwa hawajampata. Hilo ndilo nililojiambia. Lakini ukweli ulio chini ya hilo ni kwamba nilijiwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua. Niliacha chuo nikarudi Mama alipougua. Nikamwacha Dennis aende Chicago peke yake, akaoa huko. Kila mara nilipokuwa katikati ya jambo langu mtu alinishika mkono akaniambia gari lile pale. Nikautoa mkono wa Carla mkononi mwangu, nikamwambia nipe maji, nikanywa, nikakimbia.

Maili tisa, Taisto. Nilijua na nikakimbia. Sikuwa nasali, sikuwa nalia. Nilikuwa nahesabu nguzo za umeme. Kwenye mstari wa mwisho Carla alikuwa amesimama na blanketi, nikaona usoni mwake kwamba Baba yu hai kabla hajafungua mdomo, na hapo ndipo nilipoacha kuhesabu.

Kwa hiyo lile swali lako jibu lake ni hili: mwanamke wa aina hiyo. Iwapo Kurt angefika na kukuta vingine, ningeishi nalo, na sijui ningeishi vipi. Sikuombi msamaha, kwa sababu wakati uleule baba yetu amekaa kwenye gogo na maji ya theluji kwenye ndara, watoto wake wote wawili walikuwa barabarani na namba kifuani, mmoja kwenye mvua na mmoja kwenye jua. Ukitaka kunihukumu, njoo tukae kizimbani pamoja.

Aliporudi nyumbani Baba aliona miguu yangu, kucha mbili nyeusi na malengelenge kisiginoni. Akaniambia nikae. Akaleta beseni, akapiga magoti kwa shida, akaniosha kama alivyokuwa akikuosha wewe baada ya mashindano, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na taulo. Akauliza nani alikuwa ananifundisha. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Inaonekana. Unakanyaga sana upande wa kushoto." Halafu akaendelea kuosha. Arobaini na sita ndiyo miaka yangu, na hilo ndilo somo la kwanza la michezo nililopata kwa Baba.

Sasa sikiliza, maana sitapiga simu. Nyumba za wageni mwaka huu nimewaachia Carla na binti yake, tumeshaandikiana. Wes anasafiri kuja kwenu Jumamosi ijayo, na atakuja na Baba. Baba atakaa kwenu mpaka majani yaanguke. Nimekwisha kumwambia daktari, dawa ziko kwenye mfuko wa mkononi. Usiniambie kazi, usiniambie Sherri. Chumba cha vyombo vyako vya mazoezi kina dirisha na kina choo karibu, nilikiona kwenye picha.

Kahawa anakunywa na donge la sukari katikati ya meno, usimkorogee. Akikuita Kalle, hilo ni jina la kaka yake, itika. Asubuhi anapenda kutembea, na ni heri utembee naye kuliko kumzuia. Komeo la mlango liweke juu kabisa, juu ya kichwa chake, kwa sababu la chini analijua. Akikuuliza ulitokea wa ngapi, mjibu wewe. Mimi nimeshindwa kumjibu.

Nisalimie watoto, waambie shangazi yao anawapenda na kwamba babu yao hung'ata akiamshwa ghafla. Msalimie wifi. Bi Delphine hakusalimii.

Ni mimi dada yako,
Lahja