Siku Abti Nuur Alipofanywa Garimoshi

Nairobi, Jumatano. Baridi, na manyunyu tangu alfajiri.

Nimetoka kwa daktari wa macho saa nne, na basi langu la kurudi Garissa ni kesho. Kwa kukosa la kufanya nikaingia makumbusho ya reli. Mtalii wa saa mbili, basi.

Injini kuukuu zimesimama nyasini, zimepakwa rangi zikapendeza. Walikuwepo wanafunzi. Mwalimu wao akawaambia, "Haya, fanyeni kama treni!" Wakashikana viuno, wakakimbia: chuku-chuku, puuu!

Nikakaa kwenye ngazi ya behewa.

Haya sijawahi kuyaandika.

Nilikuwa na miaka kumi, wakati wa vita vya shifta. Serikali ilikuwa imetukusanya sisi Wasomali ndani ya kambi ya seng'enge, isije ikasaidia waasi. Abti Nuur, mjomba wangu, alikuwa mtia moto wa garimoshi huku Nairobi. Alikuja likizo kumwona binti yake mchanga, Habiba, amevaa koti la kazi lenye vifungo vya shaba. Langoni askari wakamkamata. Walisema koti hilo amemvua maiti.

"Efendi, mimi mtu ya reli," akasema. "Kibande hii hapa."

Mkubwa wao hata hakukitazama hicho kitambulisho. "Msomali na reli wapi na wapi? Haya, tuonyeshe treni inavyokwenda!"

Wakamzungusha uwanjani, adhuhuri, miguu mitupu juu ya mchanga unaounguza. "Honi! Hatusikii!" Akalia puuu. Akijikwaa, anapigwa kitako cha bunduki. Mama yangu alijifunika uso.

Mimi nilicheka.

Sijui kwa nini. Pengine ni ile sauti. Akanisikia. Alipopita mbele yangu alinitazama, akapiga honi tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemchezea mtoto.

Mzunguko uliofuata hakuumaliza. Walimtupa juu ya lori. Kaburi lake hatulijui.

Habiba sasa ana wajukuu. Kila Idi huniuliza, "Abaayo, wewe mkubwa ulikuwepo. Baba alikufaje?" Nami, dada mtu mzima, humjibu kwamba sikuona kitu.

Mwongo mimi.

Kesho nikishuka kwenye basi nitakwenda kwake kabla sijafika kwangu. Nitamwambia habari ya askari, ya mchanga, ya lori. Lakini akiniuliza, "Na wewe ulifanya nini?", nitamtazama kwa macho gani?