Mirija Miwili Kwenye Picha

Leiden, 4 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Naapa kukueleza kila kitu cha wiki yangu ya mazoezi ya maabara, bila kuacha hata kimoja.

Leo tulipima damu ya Wybren. Unajua mwili wake hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja mafuta, ndiyo maana wengu umemvimba. Bi Annelot, msimamizi wangu, ana rangi inayoshika kimeng'enya kilicho hai tu. Kama dawa mpya inamsaidia binamu yangu huyu, tutaona mstari wa rangi hiyo unawaka chini ya taa. Mrija mmoja wa damu ya mtu mwenye afya tunauchemsha makusudi, kimeng'enya kife, tujue giza halisi likoje. Kuchemsha ndiyo kazi yangu! Bi Annelot alinipiga picha nikiwa kazini, nakutumia.

Mjukuu wako, Hiske

*

Dokkum, 19 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, halina aibu. Picha nimeiweka juu ya kabati la vikombe. Jirani Tjitske kasema, "Huyu tayari daktari!" Nikamjibu, "Bado, usimharakishe."

Ila majibu ya Wybren yamekuja: giza tupu. Daktari anasema dawa haimsaidii, na Ijumaa tarehe 27 wanamwondoa kwenye majaribio. Mtoto kaniuliza, "Bibi, ina maana damu yangu imekataa?" Wewe ulikuwepo, hebu tueleze. Mbona kimya?

Bibi yako

*

Leiden, 23 Machi

Bibi,

Shikamoo. Safari hii nasema yote. Niliapa huku tayari nimeficha.

Itazame picha. Nyuma ya bega langu, kwenye maji yanayochemka, kuna mirija miwili. Ulipaswa kuwa mmoja. Wenye kifuniko cha buluu ni wa Wybren. Nilikuwa najiweka sawa nipendeze, nikaitumbukiza yote. Niliposhtuka niliutoa wa Wybren, nikaufuta, nikaurudisha kwenye barafu, nikatabasamu. Nilijiambia dakika mbili si kitu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilishika simu nikupigie, nikashindwa hata kubonyeza namba. Leo asubuhi nimemwambia Bi Annelot. Hakunifokea. Alivua glavu, akakaa, akampigia daktari nikiwa nimesimama palepale. Afadhali angenifokea.

Wanaweza kupima upya kwa damu mpya kabla ya Ijumaa. Huenda ikawa giza tena, sijui; lakini litakuwa giza lake, si langu. Shida ni kwamba daktari alipopiga kwao aliambiwa Wybren amejifungia chumbani. Eti hatoi damu tena, kwa kuwa damu yake ni mbovu.

Ningekuja mwenyewe, ila sijui kama atataka kuniona. Mpelekee picha. Mwonyeshe kifuniko cha buluu, umwambie damu yake haikukataa chochote, niliichemsha mimi.

Nijibu kwa posta ya kesho, Bibi: akishajua hivyo, atanyoosha mkono tena?

Hiske