Kamba Imeanza Kuimba

Mpendwa mshauri, naomba unisomee mpaka mwisho kabla hujanipa jina, maana jina ninalo tayari, wenzangu kazini huniita Ndoto, kwa sababu kazi yangu ni kusimama barabarani na bendera mbili, ya kijani na nyekundu, kuruhusu magari na kuyazuia kando ya mtaro wa bomba la maji, na mtu akisimama mahali pamoja kutwa nzima macho husafiri yenyewe, mara nyingine mpaka gari lipige honi ndipo nakumbuka niko wapi.

Mtaro wetu umefika kwenye mti mkubwa ulio mbele ya duka la dawa, kivuli chake kinafunika barabara yote na mwanga chini yake ni wa kijani kama uko ndani ya chupa, na ili bomba lipite bila kupinda, mjomba wangu, ambaye ndiye nyapara, aliamuru mizizi yote ya upande wa mtaro ikatwe, mingine minene kama paja, kisha ili watu wasiogope akaufunga mti kwa kamba kwenye nguzo ya chuma iliyo upande wa pili, akasema haya, sasa hauendi popote. Siku hiyo kamba ilining'inia, mafundi wakaanikia mashati. Jumatano ilikuwa imenyooka. Leo Ijumaa imekaza, na upepo ukipita inaimba, mshauri, sauti nyembamba kama ya mtu anayebembeleza mtoto chumba cha pili, na kinachoniumiza ni kwamba sauti yenyewe ni nzuri, mafundi wanaipenda, mchana wote hushuka kulala mtaroni kwa sababu ya ubaridi, mume wangu akiwemo, redio wameitundika kwenye mpini wa sepetu wakisikiliza kipindi chako, majani yanawadondokea vifuani polepole, na mimi niliye juu nawaona kama watu waliolala chini ya maji.

Upande wa nguzo, nyuma ya mti, matofali ya njia ya waenda kwa miguu yameinuka, jana kidole changu kilipita chini yake, leo umepita mkono. Nilimwambia mume wangu akacheka, akasema, "Mke wangu, sasa hata miti unaiota?" Mjomba nilimfuata pembeni kwa adabu, akanijibu kwamba mti huo aliukuta tangu utotoni, hauwezi kusumbuliwa na mtaro wa juzi. Mjomba ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ndiye aliyetupa kazi sote wawili, nikipaza sauti mbele ya watu nitakuwa nimemvua nguo, nikinyamaza basi Jumatatu wakishakula wanaanza kuchimba chini zaidi, palepale penye shina, na zamu ya kushuka ni ya mume wangu. Nimeanza kujiuliza kama kweli naona au naota. Nifanyeje?

Mshika bendera

JIBU

Dada yangu, huoti. Ndoto haiinui matofali. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja ni kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, na ardhi ikiinuka nyuma yake, ujue ameshaanza kuinama. Kamba hiyo haikuufunga mti, inakuhesabia tu muda. Wanaoimbiwa wanadhani wanabembelezwa.

Nakuhurumia, na mwenye kulelewa hasahau. Lakini nitakukaripia pia. Umeingiza mkono wako chini ya matofali, kisha ukaja kuniandikia barua. Wahenga walisema bora lawama kuliko fedheha, mimi naongeza, bora fedheha kuliko msiba. Mjomba akinuna, kununa kutaisha, utampikia, utampigia magoti. Utampigia nani magoti mume akifukiwa?

Tena najua ulichokusudia. Umeandika kwangu kwa sababu redio iko mtaroni. Umetaka niwaambie mimi. Sawa, leo ni Jumatatu mchana, barua yako nimeiweka mbele ya zote, na nitawaambia nusu. Nusu nyingine ni yako.

Mafundi mlioko mtaroni, na wewe shemeji unayecheka, amkeni. Msikusanye vifaa. Pandeni ngazi mmoja mmoja, bila kushika mizizi wala kamba, mwende mbali kuliko urefu wa mti wenyewe, na aliyemo ndani ya duka la dawa mumtoe. Kamba isifunguliwe, isikatwe. Mjomba, shikamoo. Hakuna aliyekuvua nguo, jina lako sijalitaja wala silijui. Piga simu kwa wahusika wa miti wa manispaa, waje waukague kabla mtu hajarudi chini. Baadaye bomba litapindishwa, au litapitishwa chini ya mizizi iliyobaki bila kuikata, na kuta za mtaro zitawekewa mbao. Bomba likipinda maji hayakasiriki.

Na wewe dada, kazi yako ni moja. Bendera nyekundu uliyonayo umezoea kuielekeza kwenye magari. Funga barabara pande zote mbili, kisha igeuze, ielekeze mtaroni, na usiishushe mpaka umeona kichwa cha mume wako kimetoka juu ya udongo.

Kawaida hapa ningeweka wimbo. Leo naacha kimya, ili aliyebaki chini aisikie ile kamba bila muziki wangu.