Maji Uliyonichemshia

Mpendwa bibi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo. Siku hizi niko zahanati moja huku Magoma, Korogwe, mbali na kijiji chenu cha Handeni. Nikibisha hodi kwa watu, kabla mwenye nyumba hajajibu, nakusikia wewe: "Pita, mjukuu wangu." Nageuka kuangalia. Wenzangu wananicheka, wanasema nesi huyu ana mashetani.

Unakumbuka nilivyofika kwako mara ya kwanza? Nimetoka chuo juzi, sare imenyooka kwa pasi, mdomo umejaa mafunzo. Nilikaa kwenye kigoda chako nikakueleza kwamba maji ya lambo, mnayogombea na ng'ombe, lazima yachemshwe. Nilieleza utadhani hujawahi kuona moto. Ulinisikiliza hadi mwisho, ukauliza jambo moja tu: "Hadi yatokote?" Nikasema hadi yatokote, bibi.

Wiki iliyofuata ulinipokea na kikombe. Ulikuwa umeyachemsha, ukayapoza, ukayafunika kwa sahani. Kuni za kwenu zinatafutwa mbali, nami nilijua. Lakini maji yenyewe yalikuwa na rangi kidogo, kama chai ya maziwa, nikaogopea tumbo langu. "Asante bibi, nimeshakunywa," nikasema. Halafu pale pale uani, nikisubiri bodaboda, nikatoa kwenye mkoba chupa yangu ya dukani, nikanywa. Ulikuwa umesimama mlangoni, kikombe bado mkononi.

Niliporudi, sufuria uliyochemshia yale maji ilikuwa inapikiwa maharage. Nikakugombeza. Mimi, kukugombeza wewe! Ukasema kwa upole, "Wewe mwenyewe hukuyanywa, mjukuu wangu. Nikaona hata nikiyapika hayafai, sasa namaliza kuni za nini?" Nikacheka, nikakuuliza habari za mguu wako. Ningeweza kuomba kikombe saa ile ile. Sikuomba.

Mvua zilipokuja, kuhara kukaingia kijijini, kukakupata na wewe, ukafariki kabla hujafikishwa hospitali. Hilo nalibeba. Baya zaidi ni nililolifanya msibani kwako. Niliomba nafasi ya kutoa elimu ya afya, nikawaambia watu, "Bibi alielekezwa, hakufuata." Wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mwanao Mwajuma alikuwa amekaa mbele yangu, akainamisha uso. Na kwenye taarifa nikaandika hivyo hivyo.

Siku hizi kila nyumba ninayoingia naomba maji kwanza. Kama hayajachemshwa, tunawasha moto pamoja, nasubiri yapoe, nakunywa mbele yao, ndipo naongea. Wakubwa wangu wanalalamika kwamba nakaa mno nyumba moja. Kina mama wa huku wanachemsha, bibi, na kuhara kumepungua. Ningefurahi, ila kila nikiinua kikombe nakuona umesimama mlangoni, unaniangalia.

Nilichoka kuangaliwa. Jumamosi nikapanda basi hadi Handeni, nikakaa mbele ya Mwajuma, nikamweleza yote. Nilitaka anifukuze. Alikuwa anapukuchua mahindi, wala hakuacha.

"Tulijua, nesi," akasema. "Mama alitusimulia siku ile ile ulipokataa kikombe chake. Akatukataza tusikuguse hata kwa neno. Alisema, 'Mkimwaibisha yule binti ataacha kuja, na wajukuu zangu nani atawachanja?' Ndiyo maana msibani tulinyamaza."

Nililia pale uani bila kujizuia. Nilikusingizia kaburi lako likiwa bado bichi, na watu wako wakanivumilia kwa sababu wewe uliwaomba. Mwajuma akaingia ndani, akatoka na kadi za kliniki za watoto, akanipa nizione. Wote wanne wamemaliza chanjo, bibi. Karibu kila mstari ni mwandiko wangu.

Nisamehe, na upumzike.

Mjukuu wako uliyemsitiri,
Nesi