Breki za Nyuma za Gari ya Baba

Mtambile, Pemba

Kaka yangu Zubeir,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, na karafuu tushazianika.

Juzi breki za nyuma za gari ya Baba zilikwama. Nikafungua tairi, nikagonga dramu ya breki kwa mchi wa Mama, nikavuta springi kwa uma wa mezani, kama ulivyonifunza uani zamani zile. Baba haoni tena, kaka; tulikuficha. Nilipomaliza akapapasa kila springi, akauliza, "Nani kakufunza?"

Niliogopa, maana tangu ugombane naye jina lako halitajwi. Nikasema, "Zubeir."

Akaingia garini, tukaijaribu barabarani; nilipokanyaga breki ikasimama, ndipo akasema, "Mwandikie. Mwambie breki zake zinashika."

Nduguyo mwenye hamu nawe,
Mardhiya