Ng'ombe Chini ya Mfuko

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Bado sijazoea! Wagonjwa wengine wa figo wanapelekwa hadi Malindi kufungwa kwenye mashine. Aba, baba yangu, anakaa kitandani mwake hapa hapa Garsen, mfuko umening'inia kwenye msumari, maji yanashuka kwa mrija mpaka tumboni. Yanakaa humo saa kadhaa, kisha nayatoa — pamoja na uchafu ambao figo zake zimeshindwa nao. Hakuna stima wala kelele. Ati utando wa tumbo lake mwenyewe ndio unaochuja. Subhanallah!

Aba alipoelezwa mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa. Ngozi ile nyembamba inayofunika matumbo? Maisha yake yote anachinja ng'ombe, na ngozi hiyo huwatupia mbwa!

Sista Kanze, nesi aliyetufundisha kazi hii, alisema mfuko wa maji yaliyotoka uwekwe juu ya maandishi. Herufi zikisomeka, maji ni safi. Aba akagoma. Herufi hajui, na hataki tumbo lake lisomwe na watu wengine tu. Basi tunaweka juu ya kalenda ya duka la dawa za mifugo, ile yenye picha ya ng'ombe wa madoa. Kila asubuhi anauliza kama mkia unaonekana. Unaonekana, Aba. Leo hata kwato!

Jumanne, 4 Novemba

Nimerudi sokoni, chumba kimejaa moshi. Mama kapiga magoti kando ya kitanda na kigae cha makaa. Kafungua kifuniko cha mrija wa Aba — anaufukiza! Vile vile anavyofukiza vibuyu vya maziwa. Na Aba katulia tuli, anafurahia harufu.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatimka. Mama kanishangaa. Akaniuliza kwa upole, kuna kibuyu chake hata kimoja kilichowahi kuharibu maziwa? Hakuna, wallahi. Maziwa ya mama hayajawahi kumuumiza mtu.

Nimefunga kifuniko kipya. Simu ya Sista imezimwa.

Jumatano, 5 Novemba

Sista kapatikana. Tumeenda hospitali, wamebadilisha kipande cha nje cha mrija, wamempa Aba na vidonge. Mkia upo. Labda Mungu katusitiri.

Alhamisi, 6 Novemba

Ng'ombe hayupo.

Maji yametoka meupe, kama maji ya kuoshea mchele. Nimeuweka mfuko juu ya kalenda — si pembe, si madoa, hakuna kitu! Aba anashika tumbo, mwili moto. Mama kaona uso wangu akajua. Katoka nje.

Hospitali tumeenda na mfuko wenyewe, Sista alisema usimwagwe. Maambukizi tumboni. Tumerudi nyumbani na dawa, sasa inatiwa ndani ya maji yale yale yanayoingia.

Jumamosi, 8 Novemba

Homa imeshuka kidogo. Maji bado mazito. Hospitali leo daktari kasema wazi: yasipong'aa kufikia Jumanne, mrija unatolewa. Halafu ni Malindi na mashine, mara tatu kwa wiki, na huenda tumbo lisikubali kazi hii tena. Aba kasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza mtu anayeishi njiani anawaona ng'ombe wake saa ngapi. Ninaogopa. Bila ng'ombe, Aba atakuwa hai kwa jina tu.

Mama haingii chumbani. Chakula anakiweka mlangoni kama mgeni. Nilimwambia, mama, ulitaka kumsafisha. Akasema hata mwenye nia njema anaua.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeona kivuli! Au nimejidanganya? Kitu cheusi, pale penye kichwa. Sikumwambia Aba. Yeye leo anausifu utando wake. Anasema babu yake alikuwa akichinja anautandaza kwenye jua, anautazama, anasema mvua iko wapi. Watu walihama kwa neno lake! Kumbe kitu hicho hicho, ndani ya mtu, kinafua damu kimya kimya, hata kikiwa na kidonda. Alisema hivyo akiweka kiganja juu ya tumbo, taratibu, kama anayetuliza ndama. Nililia. Mungu fundi!

Jumanne, 11 Novemba

Sista anasubiri simu yangu. Maji yametoka. Nikataka kuangalia — Aba kanizuia. Kasema nimwite mama, Mama Darmi wake.

Mama kasimama mlangoni, hataki. Aba kamwambia yeye amepima maziwa kwa macho tangu usichana, na jicho lake ndilo analoliamini. Hapo mama kaenda kunawa. Kanawa kama tulivyofundishwa, kila kidole, mpaka kwenye viwiko! Kumbe siku zote alikuwa anatutazama.

Kainama juu ya mfuko. Mimi niko huku kwenye kiti, naandika ili nisipige kelele.

Pembe anaziona, anasema. Madoa — moja, la shingoni. La pili kama lipo.

Na mkia, Abdia? Aba anamuuliza mama kwa jina lake. Mama kausogeza mfuko kwenye mwanga wa dirisha, kainama tena, na mkono wake wa kushoto, bila kuangalia, umemshika Aba mkono.