Mhadhiri Hapigiwi Simu

Baba watoto,

Maharage yapo jikoni, hayajatiwa chumvi. Mteja wa gauni la bluu akija, mwambie fundi kasafiri, arudi keshokutwa. Nguo zianue kabla ya mvua.

Nimekwenda chuoni kwa binti yetu. Ulipobamiza mlango asubuhi ukaisahau simu, ikalia. Alikuwa rafiki yake anayekaa naye chumba kimoja. Binti hajaingia darasani tangu Jumatatu. Nilikuuliza leo kabla hujatoka, tukagombana: mtu mzima anampigiaje mhadhiri kumwomba mtoto aketishwe mbele kwa kuwa haoni ubaoni, kama yuko darasa la kwanza? Basi rafiki yake anasema mhadhiri katangaza mbele ya watu mia tatu: "Aliyeombewa kiti na baba yake, karibu mbele." Ukumbi ukaangua kicheko, mtoto akatoka analia.

~~Simu yako naondoka nayo, usije ukampigia na mkuu wa chuo.~~

Nimefungua droo ya cherehani kutafuta mkasi, nikakuta miwani ya binti. Hakuipoteza kama alivyokwambia. Aliificha. Siku ile anaijaribu nilimcheka, nikasema kawa mama yako mtupu akiwa amenuna. Nilikuwa natania tu. Kumbe moto niliuwasha mimi, wewe ukaenda kuuzima kwa mikono mitupu.

Miwani ninayo kwenye mkoba. Simu yako iko chini ya karatasi hii. Mpigie binti sasa hivi. Rafiki yake alisema anamtaka baba, na mimi nilitaka kukuficha.

Mama watoto